Boma Moja, Majiko Mawili: Msaada wa Dhoruba Umeishia kwa Shemeji

SWALI

Mshauri mpendwa,

Pokea salamu kutoka uwanda wa Kano, upande wa Ahero, karibu na Kisumu nchini Kenya. Mimi ni mjane mwenye umri wa miaka 61, na kabla ya kustaafu nilikuwa mwalimu wa chekechea. Nakuandikia kuhusu jambo ambalo limeninyima usingizi kwa wiki tano sasa.

Jioni ya Jumanne moja mwezi wa Aprili, mwendo wa saa kumi na moja, upepo mkali ulitujia kutoka upande wa milima ya Nandi ukiwa na mvua ya mawe, ukaing'oa nusu ya paa la nyumba yangu, mabati yakiwa bado yamepigiliwa kwenye mbao zake, ukalibwaga katika shamba la mpunga la jirani. Usiku huohuo maji yalijaa uani yakaingia ndani hadi kwenye viti. Mbuzi wangu watatu walikufa. Kitambulisho changu kilisombwa pamoja na mkoba uliokuwa chini ya kitanda, na hati ya shamba, tuliyoikuta asubuhi kwenye matope, imegandamana kiasi kwamba haifunguki bila kuchanika.

Kulipopambazuka, binti yangu alikuja akanichukua kwenda kwake Nyalenda, mjini Kisumu. Nilipokuwa huko, naibu wa chifu na mzee wa kijiji walipita boma kwa boma wakiandika walioathirika. Boma letu lina nyumba mbili: yangu, na ya shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, anayeishi na mke wake na watoto wanne. Waliandika jina moja tu, la shemeji. Msaada ulipoletwa, yaani mahindi, maharagwe, mafuta ya kupikia, blanketi mbili na turubai, vyote vilipelekwa kwake. Mimi nilipewa gorogoro mbili za mahindi, yaani makopo mawili ya kupimia nafaka. Simlaumu sana, kwa kuwa ana watoto, lakini mvua inaninyeshea sebuleni nami natazama lile turubai likiwa limefunika kuni zake.

Nilipokwenda kuuliza, niliambiwa kwamba boma letu limeshahudumiwa, na kwamba orodha imefungwa na kupelekwa kaunti ndogo. Baadaye akaja kijana mmoja akasema kuna orodha ya pili ambayo kila kaya italipwa shilingi 10,000, ila nitoe shilingi 500 za fomu pamoja na namba yangu ya siri ya M-Pesa ili pesa ziingie moja kwa moja. Majirani nao wanasema nilikosea kumruhusu mwanangu aezeke upya chumba cha kulala kabla ya maafisa kuja kuona, na wengine wanasema kuwa sina haki ya kuomba chochote maadamu hati ya shamba iko kwa jina la marehemu.

Je, msaada wa serikali unaombwa vipi, na kwa nani? Nimlipe huyo kijana? Nimejiharibia kwa kuezeka? Na hizo gorogoro mbili, nizirudishe ili nisihesabiwe kwamba nimekwisha kupokea?

Mwalimu mjane,
Kano

JIBU

Mwalimu, pole sana kwa paa, kwa mbuzi na kwa usiku ule. Nimeisoma barua yako mara mbili, na naona kwamba tatizo lako halikuanzia pale unapodhani. Unauliza namna ya kuomba, kama vile kuna dirisha mahali fulani na karani aliyekaa na fomu akikungoja. Hapa kwetu msaada wa dhoruba humfikia aliyehesabiwa, na wewe umehesabiwa vibaya: aliyepita kwenu alihesabu lango, hakuhesabu majiko.

Nianze na hilo, kwa kuwa mengine yote yanalitegemea. Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, linapofanya sensa huielezea kaya kuwa mtu mmoja au kundi la watu wanaoishi katika boma moja, si lazima katika nyumba moja, wanaopika pamoja na wanaomtambua mtu mmoja kuwa mkuu wao. Kwa kipimo hicho, shemeji yako, mke wake na watoto wao wanne ni kaya moja, nawe unayepika peke yako katika jiko lako ni kaya nyingine, hata kama mnapita lango moja na kuteka maji kwenye kisima kimoja. Mwenye daftari anayeandika jina moja kwa boma lenye majiko mawili ameiacha kaya nzima nje, na kosa la namna hiyo hurekebishwa kwa kuonyeshwa lilipo, wala halihitaji ugomvi.

Najua linavyotokea, maana nililifanya mwenyewe. Mwaka 2020, mto Nzoia ulipovunja kingo zake kule Budalang'i, nilikuwa miongoni mwa waliojitolea kuandika majina. Daftari lenyewe lilikuwa kitabu cha mazoezi cha shule, nimekichora mistari kwa rula: nambari, jina, kitambulisho, simu, idadi ya watu, kilichoharibika. Unafika langoni, uani ni tope hadi magotini, mvua inaanza tena, basi unasimama hapohapo na kumwuliza mtu wa kwanza unayemwona, "Hapa ni kwa nani?" Naye anakutajia mwanamume mkubwa wa boma, kwa sababu ndilo jibu la heshima kwa swali kama hilo. Unaliandika, unapiga mstari, unakwenda lango linalofuata. Siku ya tatu bibi mmoja alinifuata hadi shuleni walikokuwa wamelala watu, akanishika kiwiko, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, mimi umeniandika napika wapi?" Tulifungua daftari pamoja. Katika ukurasa mmoja tu nililazimika kuongeza majina matano pembeni, kwa wino wa rangi nyingine, ya wajane watatu na wake wawili wa mtu mmoja. Tangu siku ile, nikishika daftari la namna hiyo, huuliza kwanza, "Hapa kuna majiko mangapi?"

Kwa hiyo unapokwenda kulalamika, usiseme kwamba ulisahauliwa, kwa sababu utajibiwa kama ulivyojibiwa, kwamba boma limehudumiwa, na kwa kweli boma limehudumiwa. Sema kwamba boma lina kaya mbili na imeandikwa moja. Hilo ni dai lenye nambari ndani yake, nalo ofisi huwa na njia ya kulishughulikia.

Pili, ni vyema ujue unachoweza kutarajia na usichoweza, ili usiyapange maisha yako juu ya ahadi za watu wa njiani. Nchini Kenya hakuna mpango wa kudumu wa fidia ambao mwenye nyumba iliyoezuliwa na upepo anaweza kuwasilishia madai na kulipwa bei ya paa lake. Kilichopo ni msaada wa dharura: chakula, blanketi, turubai, pengine vyombo, mara chache mabati au pesa, kwa kadiri vilivyopo ghalani na kwa kadiri orodha inavyoonyesha. Hizo shilingi 10,000 ulizozisikia hazikutoka hewani. Mnamo Mei 2024, baada ya mafuriko makubwa, Rais William Ruto alitangaza kiasi hicho kwa familia zilizohamishwa kutoka kandokando ya mito jijini Nairobi, na tangu hapo kila panaponyesha mvua kubwa watu huizungumzia kama kiwango cha nchi nzima. Lilikuwa tangazo la wakati ule na kwa watu wale, usiliwekee hesabu.

Tatu, orodha si moja. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limeukabidhi usimamizi wa majanga kwa serikali ya kitaifa na kwa serikali za kaunti pia, na matokeo yake kwa mwananchi wa Kano ni kwamba kuna milango miwili ya serikali ambayo haisomani daftari kila wakati. Mlango wa kwanza ni wa naibu wa chifu na chifu, ambao hupeleka taarifa kwa naibu kamishna wa kaunti katika makao ya kaunti ndogo. Wa pili ni wa serikali ya kaunti, ambayo kwako huanzia kwa msimamizi wa wadi. Kaunti inaruhusiwa na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 kuwa na hazina ya dharura, ingawa malipo yake ya mwaka hayawezi kuzidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti ya mwaka uliotangulia, jambo linaloeleza kwa nini magunia huisha kabla ya foleni. Kando ya milango hiyo miwili kuna Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, ambalo si serikali na ambalo hufanya tathmini yake lenyewe. Nambari yake ya dharura, 1199, hupigwa bila malipo. Kuandikwa kwa chifu hakukuingizi katika daftari la kaunti, na kuachwa na mmoja hakumaanishi kwamba umeachwa na wote. Barua nitakayokueleza iandike kwa nakala za kutosha, uifikishe katika ofisi zote mbili za serikali.

Kabla ya barua, hata hivyo, nenda kwa shemeji yako. Najua unaona haya, na huenda una uchungu zaidi ya ulioandika, kwa maana mtu halitaji turubai lililofunika kuni isipokuwa limemkaa moyoni. Lakini katika jambo hili yeye ndiye shahidi wako mkubwa kuliko wote. Nenda asubuhi, umkute na mkewe, pamoja na mzee wa kijiji ikiwezekana, na usiulize habari za mgao uliokwisha kugawanywa. Mwombe jambo moja tu: athibitishe kwa saini yake kwamba wewe una jiko lako na kwamba kilichoandikwa kwa jina lake kilikuwa cha watu wake sita. Ukiliweka hivyo, hana cha kupoteza. Anathibitisha kwamba mgao wake ulikuwa halali yake na kwamba wako bado haujafika. Ukimwendea kwa habari ya kugawana upya, atajitetea, mkewe atajitetea zaidi, na mzee wa kijiji atatafuta njia ya kuondoka. Turubai liombe siku nyingine, na uliombe kwa mke wake.

Sasa barua. Iandike kwa mkono wako, kwa hati ile nzuri uliyowafundishia watoto, ukurasa mmoja usizidi. Maafisa hawa hupokea barua ndefu za malalamiko zinazoanzia uhuru, nao huzisoma mistari mitatu. Ielekeze kwa chifu kupitia kwa naibu wake, nakala kwa naibu kamishna wa kaunti na kwa msimamizi wa wadi. Kiini chake kiwe kama hivi:

"Mimi, mjane na mkuu wa kaya ya mtu mmoja, naishi katika boma lililoandikwa kwa jina la shemeji yangu wakati wa kuorodhesha walioathiriwa na dhoruba ya Aprili. Boma hilo lina kaya mbili zenye majiko tofauti. Kaya yangu haikuandikwa kwa sababu sikuwapo siku hiyo. Nilikuwa nimehifadhiwa kwa binti yangu mjini Kisumu baada ya nyumba yangu kuezuliwa nusu na kuingiwa na maji. Nilipoteza mbuzi watatu na kitambulisho. Kutokana na mgao wa shemeji yangu nimepokea gorogoro mbili za mahindi. Naomba kaya yangu iandikwe kivyake, na nyumba yangu ikaguliwe."

Chini ya maneno hayo weka jina lako kamili, nambari ya kitambulisho kilichopotea, nambari ya simu, tarehe ya dhoruba, kisha saini yako, ya shemeji na ya mzee wa kijiji. Ukiikabidhi, usiondoke na maneno matupu. Mwombe anayeipokea agonge muhuri kwenye nakala utakayobaki nayo, au, kama muhuri haupo, na mara nyingi utaambiwa umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo ametoka, aandike "Imepokelewa", tarehe, jina lake na saini. Nakala hiyo iliyopokelewa ndiyo itakayokufaa miezi miwili baadaye, wakati wewe utakuwa umekumbuka kila kitu na ofisi haikumbuki chochote.

Kuhusu nambari ya kitambulisho kilichosombwa, naamini unaikumbuka au imo kwenye usajili wa laini yako ya simu na kwenye karatasi zako za kustaafu. Ripoti upotevu katika kituo cha polisi upewe ile hati ambayo sisi sote huiita abstrakti, kisha uende nayo katika ofisi ya usajili wa watu ya kaunti ndogo au Huduma Centre ya Kisumu, kile kituo cha huduma za serikali, kuomba kingine. Fanya hivyo wiki hii. Mgao mwingi hutolewa kwa kuonyesha kitambulisho, na nimewaona watu waliokuwa kwenye orodha wakirudi mikono mitupu kwa sababu mtu wa ghala hakuwa na la kuwatambulisha nalo. Abstrakti na karatasi ya kungojea kitambulisho kipya humsaidia afisa mwenye nia njema asikufukuze.

Kuhusu paa, majirani wamekutisha bure. Hakuna afisa anayeweza kumtaka mwanamke wa miaka 61 alale chini ya mvua wiki tano ili nyumba ibaki kama ilivyokuwa. Mwanao alifanya vyema. Kinachotakiwa ni ushahidi wa jinsi nyumba ilivyokuwa kabla haijaguswa, nao bado unaweza kuupata mwingi. Sebule bado haijaezekwa, basi ipigwe picha leo, kutoka ndani ukitazama juu na kutoka nje ukionyesha nyumba nzima pamoja na wewe umesimama mlangoni, ili isisemwe kwamba ni nyumba ya mtu mwingine. Yale mabati yaliyoangukia mpunga wa jirani, kama hayajauzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, yapige picha yakiwa bado na mbao na misumari yake, kwa sababu fundi anayefumua paa hulitenganisha bati na mbao, na hili la kwako limeondoka na mbao zake. Mkaguzi mzoefu hulitazama hilo kwanza. Alama ya maji ukutani, ule mstari wa rangi ya udongo ulioachwa, usiipake chokaa kwa sasa. Weka rula ya darasani kando yake, upige picha. Na risiti za mabati, misumari na mbao alizonunua mwanao zihifadhi pamoja na jina la fundi. Picha zitume kwa simu ya binti yako pia, maana simu nayo huzama.

Mbuzi nao wana ofisi yao. Mpelekee afisa wa mifugo wa wadi taarifa fupi yenye idadi na shahidi mmoja. Siwezi kukuahidi mbuzi wa kulipwa. Ila mipango ya kugawa mifugo au mbegu baada ya janga, ikitokea, huanzia katika taarifa za maafisa hao, na chifu huwa hana hesabu hizo.

Huyo kijana wa shilingi 500 usimpe hata shilingi moja. Kuandikwa kwa ajili ya msaada wa dharura hakulipiwi, wala hakuna ofisi ya serikali inayohitaji namba yako ya siri ili kukutumia pesa. Mtu hupokea pesa kwa nambari ya simu peke yake, na namba ya siri kazi yake ni kuzitoa. Anayeiomba anataka kutoa. Kama ulikuwa umeshamtajia, ibadilishe kabla hujamaliza kusoma jibu hili. Na ikiwa atadai kwamba ametumwa na afisa fulani, basi mambo yamekuwa makubwa zaidi: hiyo ni rushwa, na Sheria ya Rushwa ya mwaka 2016 humtia hatiani anayetoa sawasawa na anayepokea, kwa hiyo usijiingize. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi hupokea taarifa kwa nambari 1551 bila malipo. Sisemi ni lazima awe ametumwa na mtu. Mara nyingi vijana hawa hawamjui hata karani wa ofisi, wameona tu kwamba mvua imenyesha.

Suala la hati ya shamba limechanganywa na jambo lisilolihusu. Msaada wa dharura hutolewa kwa anayeishi, anayekula na aliyeathirika, ndiyo maana hata wapangaji wa Nyalenda na Manyatta, wasiomiliki ardhi yoyote hapo, huandikwa maji yanapowaingilia. Mtu akikuambia hati iko kwa jina la marehemu, mwulize kama ni hati inayolala njaa. Hata hivyo, kwa faida yako na ya watoto, usiiache hati hiyo ioze. Usiifungue kwa nguvu. Iache ikauke taratibu kivulini, katikati ya magazeti. Ikiwa haisomeki tena, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inaruhusu nyingine itolewe kwa kiapo cha upotevu au uharibifu na tangazo la siku 60 katika gazeti rasmi la serikali, lakini kwa kuwa mwenye jina amefariki, utahitaji kwanza kushughulikia mirathi mahakamani. Hiyo ni safari ya pekee yenye gharama na subira zake, na sitaki uianze sasa ukadhani ndiyo inayokuzuia kupata blanketi.

Nikurudishe kwenye barua yako yenye muhuri. Mpe chifu wiki mbili, kisha upande ngazi. Nenda ofisi ya naibu kamishna wa kaunti siku ya kazi asubuhi, ukiwa na nakala iliyopokelewa, picha zilizochapishwa na abstrakti, na uombe kuonyeshwa kama kaya yako imo. Wakikuambia orodha ni siri, kuna njia ya heshima ya kulijibu hilo. Ibara ya 35 ya Katiba humpa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2016 inamtaka afisa ajibu ombi la maandishi ndani ya siku 21. Omba taarifa inayokuhusu wewe tu: iwapo boma lenu liliandikwa, kwa kaya ngapi, na ombi lako la kurekebisha limefikia wapi. Ukiomba orodha nzima yenye nambari za vitambulisho vya majirani, utakuwa umempa sababu nzuri ya kukataa, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawalinda nao.

Siku 21 zikipita kimya, ipelekee malalamiko Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huiita ofisi ya Ombudsman na ambayo ina ofisi mjini Kisumu, si mbali na kwa binti yako. Huduma yake ni ya bure, na ndiyo iliyokabidhiwa kusimamia sheria hiyo ya taarifa. Kwa maoni yangu hutafika huko. Katika barua za aina hii ninazozipokea kila msimu wa masika, nyingi huishia kwenye meza ya chifu, pale mwanamke mmoja anapoingia na karatasi yenye saini tatu na picha ya rula ukutani, na afisa akagundua kwamba kumwandika ni kazi ndogo kuliko kumkatalia. Lakini huenda mgao wa kwanza umekwisha na ukaandikwa kwa ajili ya wa pili ambao haujulikani utakuja lini, kwa hiyo mwambie mwanao aendelee na sebule kadiri mfuko wake unavyoruhusu, na safari hii afunge mbao za paa kwa waya hadi kwenye nguzo za ukuta, kwa sababu upepo unaotoka Nandi na kukutana na ule wa ziwani jioni za masika haujamaliza kazi yake.

Umeuliza mwishoni kuhusu gorogoro mbili. Usizirudishe. Ukizirudisha, utamwaibisha shemeji ambaye unahitaji saini yake, na hakuna ofisi itakayokuandikia risiti ya kurudisha mahindi. Zipike. Ila usizifiche, ndiyo maana nimeziweka ndani ya barua kwa idadi yake: afisa akisikia kutoka kwa mtu mwingine kwamba ulipokea kitu, atayatilia shaka na mengine yote uliyoyasema, lakini akizikuta zimeandikwa na wewe mwenyewe, zitakuwa zinamwonyesha kwamba katika boma lile chakula kilitoka jiko moja kikapelekwa jingine.